Mikanda ya mabegani kwenye ndege ya kujijengea: anza na fremu

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Najenga ndege ya viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Fremu ni ya mabomba ya chuma, nje itavikwa kitambaa. Ramani niliyonunua inaonyesha mkanda wa kiunoni peke yake, nami nataka kuongeza mikanda ya mabegani. Nyuma ya kila kiti kuna bomba lililokingama toka ubavu mmoja hadi mwingine, kipenyo milimita 19, unene wa ukuta milimita 0.9, urefu kama sentimita 60. Je, naweza kuizungushia mikanda katikati ya bomba hilo? Au niifunge kwenye mgongo wa kiti? Nimepata pia mikanda ya gari lililogongwa, kwa macho bado mizima. Itafaa?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na nashukuru umeuliza kabla hujaivika fremu kitambaa. Kitambaa kikishawambwa na kupakwa rangi, kazi hii inakuwa ya kubomoa kwanza ndipo ujenge.

Majibu mafupi ni haya. Kuongeza mikanda ya mabegani, ndiyo, na nakusihi usiruke bila hiyo. Katikati ya bomba, hapana. Mgongo wa kiti, hapana, isipokuwa kiti kiwe kilisanifiwa tangu mwanzo kubeba mzigo wa mikanda, na kiti cha bomba jembamba kilichowambwa turubai hakikusanifiwa hivyo. Mikanda ya gari lililogongwa, hapana kabisa. Sasa sababu zake, maana ukizishika utaweza kuamua mwenyewe mambo mengine ambayo swali lako halikuyagusa.

Wajenzi wengi huanza na mkanda. Wanachagua rangi, wanachagua bizimu, mzigo unafika, ndipo wanaanza kuzunguka chumba cha rubani wakitafuta pa kuufunga. Mimi nakuomba uanze upande wa pili: jiulize nguvu itakayokuvuta siku ya ajali itapita wapi mpaka iishie kwenye fremu nzima. Toka begani iende kwenye utepe, toka kwenye utepe iende kwenye kipande cha chuma cha mwisho, kwenye bolti, kwenye bamba, kwenye bomba, kwenye makutano ya mabomba. Popote njia hiyo inapokuwa dhaifu ndipo patakapokatika, hata kama mkanda wenyewe ungeweza kuning'iniza gari.

Ni nguvu kiasi gani? Kipimo kilichotumika kwa miongo mingi kwenye ndege ndogo ni mtu wa kilo 77 anayetupwa mbele kwa g 9, yaani kwa nguvu mara 9 ya uzito wake, juu kwa g 3, na ubavuni kwa g 1.5. Zidisha 77 kwa 9 upate 693. Kwa hiyo mtu mmoja wa kawaida anavuta mikanda yake kama mzigo wa kilo karibu 700. Ukiwa na mkanda wa kiunoni pamoja na wa mabegani, hesabu iliyozoeleka inaupa wa kiunoni asilimia 60 na wa mabegani asilimia 40, yaani kilo 416 na kilo 277. Halafu sehemu za kushikizia, yaani bamba, bolti na weldi, zinazidishiwa 1.33, kwa sababu viungio huharibika kwa namna ambazo hesabu ya kawaida haizioni: tundu lililotobolewa vibaya, weldi isiyopenya, bamba linalovutwa kwa upande. Kwa hiyo sehemu ya kushikizia mikanda ya mabegani ya mtu mmoja ibebe angalau kilo 369 kuelekea mbele bila kukatika. Hapo naizungumzia fremu yako, wala si utepe.

Usidhani g 9 ni jambo la ajali kubwa tu. Ndege inayogusa chini kwa kilomita 80 kwa saa na kusimama ndani ya mita 3 inapata wastani wa g 8.4. Ikigonga tuta na kusimama ndani ya mita 1, wastani ni g 25. Nayo kilomita 80 kwa saa ni kasi ya kutua, kasi ambayo utakuwa nayo injini ikizima na ukalazimika kutua shambani.

Je, mwili unaweza kustahimili hayo? Ukifungwa vizuri, unastahimili kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 10 Desemba 1954 daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alijifunga kwenye kigari cha roketi huko New Mexico na kusimamishwa ghafla hadi kufikia g 46.2. Macho yalivia damu, lakini aliishi, na akapona. Mwaka 1988 kanuni za Marekani za ndege ndogo zinazosanifiwa upya zilianza kutaka viti vya mbele vijaribiwe kwa mshtuko wenye kilele cha g 26. Kwa hiyo g 9 uichukue kama sakafu. Ukiweza kuongeza nguvu ya viungio vyako kwa gramu mia chache za chuma, ongeza.

Turudi kwenye bomba lako. Chukua nguvu ya kilo 277, bila hata kuongeza ile 1.33, uiweke katikati ya bomba la sentimita 60. Hiyo ni kama nyutoni 2,720. Ukichukulia ncha za bomba kama zinazoweza kuzunguka kidogo, nguvu ya kulipinda pale katikati inafika nyutoni-mita 408. Bomba la milimita 19 lenye ukuta wa milimita 0.9 lina uwezo mdogo mno wa kukataa kupindwa, na ukigawanya unapata msongo wa zaidi ya megapaskali 1,800. Chuma cha 4130 kinachotumika kwenye fremu za ndege hukatika kwenye megapaskali kama 650. Hata ukisema ncha zimechomelewa imara kiasi kwamba hazizunguki hata kidogo, msongo unashuka hadi 920 hivi, na bado bomba linapinda kama upinde wa mshale. Linapopinda, wewe unakwenda mbele pamoja nalo, na mkanda unalegea wakati uleule unaouhitaji. Kutenganisha mikanda miwili kwa sentimita 15 kunasaidia kidogo, lakini hakukuvushi mto.

Bomba jembamba lina nguvu kubwa likivutwa au kusukumwa kwa urefu wake. Likipindwa katikati ni dhaifu. Fremu yote ya ndege yako imesanifiwa kwa kanuni hiyo: mizigo inaingia kwenye makutano ya mabomba, inagawanyika, inasafiri kwa urefu. Basi nawe upeleke mzigo wa mikanda kwenye makutano.

Njia ninayoipenda zaidi kwa kiti cha nyuma ni kuchomelea mabomba mawili madogo toka pale mikanda itakapofungwa kwenye lile bomba la kukingama, yaende nyuma yakitanuka hadi kwenye makutano ya kulia na ya kushoto ya fremu. Mtu anapotupwa mbele, mabomba hayo mawili yanavutwa kwa urefu wao, na lile la kukingama linabaki na kazi ya kuyaweka mahali pake tu. Kwa kiti cha mbele huwezi kupitisha mabomba mbele ya uso wa abiria wako, kwa hiyo umbo hilohilo liweke kwenye dari, endapo pembe ya mkanda itakuruhusu. Nitaifikia pembe hapo chini. Bomba lolote litakalobaki karibu na kichwa au kifua cha abiria wa nyuma livike sponji ngumu ya kufyonza mshtuko.

Njia ya pili ni waya wa chuma. Mkanda unaishia nyuma ya kiti, toka hapo waya unaendelea hadi kwenye makutano ya nyuma zaidi. Waya laini wa ndege wa 7 kwa 19, yaani misokoto 7 yenye nyuzi 19 kila mmoja, wenye kipenyo cha milimita 3.2, ule uliopakwa zinki, hukatika kwenye kilo 900 hivi, kwa hiyo nguvu unayo. Ila uangalie mambo mawili. Ukiugawa waya huo uwe na matawi mawili yanayokwenda pande mbili za fremu, usiyatanue mno. Pembe kati ya matawi ikiwa digrii 90, kila tawi linabeba asilimia 71 ya mzigo wa mkanda. Ikiwa 120, kila tawi linabeba mzigo wote mzima. Ikifika 150, kila tawi linavutwa karibu mara mbili ya mzigo wenyewe, na makutano yako ya pembeni yanavutwa kwa ndani kwa nguvu ambayo hukuipanga. La pili, pitisha waya mbali na nyaya za usukani wa mkia, na ukague usukani ukiwa umesukumwa hadi mwisho kila upande. Waya wa mkanda ukilegea na kulalia waya wa usukani, umejitengenezea ajali mpya.

Usitoboe bomba la fremu. Unachotaka kushikiza kichomelewe kwa bamba linalolikumbatia bomba, au kikazwe kwa kibano kilichofungwa sawasawa pale makutanoni ili kisiteleze. Na kabla ya kuchomelea chochote, mwandikie msanifu wa ramani yako umuulize. Huenda ameshachora nyongeza hiyo kwa wajenzi wengine, na hakuna anayejua mizigo ya fremu ile kumzidi yeye.

Sasa pembe. Kaa kwenye kiti ukiwa na mto utakaoutumia kweli, uachie uzito wote, na kama utavaa parachuti livae. Mwenzako achukue uzi, auweke katikati ya bega lako na kuuvuta hadi pale mkanda utakapofungwa. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani, AC 43.13-2B, ambao wajenzi wa nchi nyingi huutumia, unataka uzi huo uwe kati ya usawa wa bega na digrii 30 juu ya usawa. Chini ya usawa, usizidi digrii 5.

Hilo la chini ndilo linaloumiza watu wengi, kwa sababu ni rahisi mno kufunga mkanda sakafuni nyuma ya kiti. Mkanda unapopanda juu ya bega kisha ukashuka nyuma, hauwezi kukuzuia usiende mbele bila kukukandamiza chini. Ukishuka kwa digrii 45, kila kilo ya kukuzuia inaleta kilo nzima ya kukukandamiza. Ukihitaji kilo 277 za kukuzuia, uti wa mgongo unabebeshwa kilo 277 nyingine juu ya pigo lake lenyewe la ndege kugonga chini, na pingili za mgongo hupasuka hivyo. Kwa digrii 5 nyongeza hiyo ni kilo 24 tu. Ndiyo maana nimekataa mgongo wa kiti: ukiacha kwamba utapinda, kwa kawaida unaishia chini ya bega la mtu mrefu. Na pima kwa watu wawili, mrefu na mfupi, kwa sababu urefu toka kitini hadi begani hutofautiana kwa sentimita 10 au zaidi kati ya watu wazima. Usijipimie wewe peke yako kisha ukambebe rafiki ambaye pembe yake hujaiona.

Mikanda miwili ya mabegani isiachane sana nyuma, ikaanguka toka mabegani, wala isikaribiane mno ikakata shingo. Ukitumia ile inayoungana kuwa mmoja nyuma ya shingo, kiungo chake kikae nyuma vya kutosha kisiguse shingo hata ukiinama mbele.

Hapa nataka nikurudishe kwenye mkanda wa kiunoni, ule ambao umeuona upo kwenye ramani na ukaona mambo yake yamekwisha. Mikanda ya mabegani ikiongezwa, huo wa kiunoni unapata kazi mpya. Mabegani panapozuiwa, bizimu linavutwa juu. Ikiwa mkanda wa kiunoni umefungwa nyuma sana na umelala, unapanda toka kwenye mifupa ya nyonga hadi tumboni, na mwili unateleza chini yake. Nyonga ni mfupa mgumu. Tumboni kuna ini, bandama na utumbo. Hugh DeHaven, Mmarekani aliyekuwa akijifunza urubani mwaka 1917, alipata ajali akatoka hai lakini akiwa na majeraha mabaya ya ndani, na aliamini maisha yake yote kwamba bizimu la mkanda wake ndilo lililomjeruhi. Swali lile halikumwacha. Alikuja kuongoza utafiti wa majeraha ya ajali katika Chuo Kikuu cha Cornell, na mengi tunayoyajua leo kuhusu kumfunga mtu ndani ya chombo yanaanzia kwenye kazi ile.

Kwa hiyo: mkanda wa kiunoni ushuke toka nyongani kwenda nyuma na chini kwa pembe ya digrii 45 hadi 55 ukilinganisha na mstari wa urefu wa ndege. Ukisimama wima zaidi, mwili unasafiri mbele mbali kabla mkanda haujakaza. Ukilala zaidi, unapanda tumboni. Ukae chini, juu kidogo ya mapaja, na uufunge kwenye fremu, si kwenye kiti, endapo kiti hakikusanifiwa kuubeba. Kwa pembe ya digrii 50, kila upande wa mkanda unavutwa kwa kilo 324 ili kutoa ile sehemu yake ya kilo 208, nusu ya zile 416, kuelekea mbele. Zidisha kwa 1.33 upate 430. Angalia vipande vya chuma vilivyoko kwenye ramani yako kama vinafika hapo. Ramani za zamani nyingi zilichorwa kwa matumaini zaidi kuliko hesabu.

Mto nao una neno lake. Sponji laini ya godoro ni tamu kukalia, lakini katika mshtuko inabonyea, nyonga zinashuka, na mkanda uliokuwa umekaza unabaki na nafasi. Tumia sponji nzito ile inayorudi taratibu ukiibonyeza, isiwe nene kupita inavyohitajika.

Mikanda ifungwe kwa pointi nne au tano, yaani sehemu nne au tano za kushikizia? Kwa ndege ya safari za kawaida, pointi nne zilizofungwa kwa pembe sahihi zinatosha. Ukipanga kupindua ndege na kufanya michezo ya angani, ongeza mkanda wa tano unaopita katikati ya mapaja kushika bizimu lisipande. Mimi binafsi ningeuweka hata kwenye ndege ya kawaida kama kiti kimelala kwa nyuma, kwa sababu mtu aliyelala huteleza chini ya mkanda upesi. Kwenye ndege yako usukani unasimama katikati ya mapaja, basi hakikisha mkanda huo na bizimu haviuzuii ukiuvuta hadi mwisho.

Kuhusu bolti sitakaa sana. Bolti ya ndege ya robo inchi, AN4, inahimili kukatwa kwa kilo zaidi ya 1,600. Ni mara chache sana bolti kukatika. Kinachokwenda ni bamba lililotobolewa karibu na ukingo, kwa hiyo katikati ya tundu hadi ukingoni kuwe na umbali usiopungua kipenyo cha bolti mara mbili. Ukiweza, kipande cha mwisho cha mkanda kikae katikati ya mabamba mawili, bolti ishikwe pande zote mbili. Kipande hicho lazima kiwe huru kuzunguka kuufuata mkanda unakoelekea. Kikibanwa kisizunguke, kitapindwa kwa ubavu na kuchanika. Tia bushi ndefu kidogo kuliko unene wa kipande, ukaze nati juu ya bushi, na kipande kizunguke bila kulegea. Na kwa kuwa hapo kuna mzunguko, tumia nati yenye mapengo pamoja na pini ya kukunja ncha. Nati zinazojikaza zenyewe kwa plastiki ya ndani hazitakiwi kwenye bolti inayoweza kuzungushwa.

Sasa mikanda ya gari. Mkanda ulioshika mtu kwenye ajali umeshafanya kazi yake. Nyuzi zake zimevutwa kupita kiasi, na jicho halioni. Na ukiacha ajali, mkanda wa gari wa kuvuka kifua una rili, yaani kigurudumu kinachouviringisha mkanda, iliyotengenezwa kukaa kwa mlalo maalumu. Nyingi zina mpira mdogo au kidude kinachoning'inia ambacho huikaza rili gari linapoinama au kupunguza mwendo. Kwenye ndege inayopanda, kuinama na kugeuka, rili hiyo inaweza kukukaza wakati unataka kufikia swichi. Ukitaka rili, nunua ya ndege, ile inayokaza kwa kasi ya mkanda wenyewe kutoka, na yenye kitasa cha kuifunga kwa mkono. Mikanda ya magari ya mashindano ina nguvu ya kutosha na wajenzi wengi wameifunga, ila soma tarehe iliyoshonwa juu yake, kwa sababu imetengenezwa kwa kubadilishwa baada ya miaka michache, na hakikisha bizimu linafunguka kwa mkono mmoja hata ukiwa umening'inia kichwa chini, uzito wako wote ukiwa juu ya mkanda. Jaribu hilo kweli. Kama huwezi kujining'iniza, mwenzako auvute mkanda kwa nguvu huku wewe ukifungua, mara kwa mkono wa kulia, mara kwa wa kushoto.

Utepe uwe wa poliesta. Nailoni hunyumbuka zaidi. Na uwe mfupi. Utepe wa mita moja na nusu unaokwenda hadi mkiani unanyumbuka mara tano ya utepe wa sentimita 30, na kila sentimita ya kunyumbuka ni sentimita ya kichwa chako kuikaribia dashibodi. Ndiyo maana umbali uliobaki nyuma unaujaza kwa waya au bomba.

Kuhusu kujaribu: usiende kuivuta fremu yako halisi kwa kilo 369 ili uone. Ukiikunja kidogo usipoona, umeiharibu ndege nzima. Tengeneza kiungio cha pili kinachofanana, chuma kilekile, weldi ya mkono uleule, ukivute kwa mashine au kwa winchi yenye mizani hadi kikatike, uone kilikatikia wapi na kwa kilo ngapi. Kikikatikia kwenye weldi, fundi wako anahitaji mazungumzo.

Mikanda ikishafungwa, kaa ndani, ikaze ya mabegani kana kwamba unatua, kisha ufikie kila kitu: vali ya mafuta, breki, swichi za injini, kifungio cha mlango. Usichokifikia ukiwa umefungwa kitakufanya ulegeze mkanda angani, na injini ikizima hutakumbuka kuukaza tena. Kihamishe, au urefushe mpini wake. Angalia pia kichwa kitapita wapi ukiinama mbele kadiri mikanda inavyoruhusu na kidogo zaidi, kisha uondoe hapo kila kitasa chenye ncha. Kiti cha nyuma kikiwa kitupu, mikanda yake ifungwe na kukazwa, isije ikanasa usukani wa nyuma.

Kwa wasomaji wanaojenga kwa vifaa vingine, kanuni ni ileile ya kusambaza mzigo. Kwenye alumini, usiriveti mkanda kwenye ngozi peke yake. Weka bamba linaloufikisha mzigo kwenye mihimili ya urefu na kiunzi cha kukingama. Kwenye mbao, bolti itakula nyuzi za ubao na kuupasua, kwa hiyo tia plaiwudi pande zote mbili na bamba pana la chuma, na zuia unyevu usiingie kwenye tundu. Kwenye faibaglasi yenye povu katikati, toa povu mahali hapo, jaza kitu kigumu, ongeza tabaka zinazotanuka mbali na bolti. Ukikaza bolti juu ya povu litabonyea na kiungio kitalegea ndani ya msimu mmoja.

Umeuliza pia, bila kuandika, kama kazi yote hii ina thamani yake. Mwaka 1985 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilipitia ajali za ndege ndogo na kuona kwamba asilimia 20 ya waliokufa wangeweza kupona kama wangekuwa na mikanda ya mabegani, na asilimia 88 ya walioumia vibaya wangepata majeraha madogo zaidi. Kwa kilo moja au mbili za uzito wa ziada, sijui kifaa kingine cha kuongeza kwenye ndege ndogo kinachorudisha kiasi hicho.

Kisha, kila ukaguzi wa mwaka, vuta utepe wote nje na uuangalie pande mbili. Jua huuchosha: ukiona rangi imefifia, umekuwa mkavu kama kamba ya katani au una vinyweleo ukingoni, ubadilishe. Mshono uliofunguka usishone mwenyewe, rudisha kwa wanaotengeneza mikanda ya ndege. Usiuoshe kwa kemikali kali wala kuupaka rangi. Sabuni laini na maji ya uvuguvugu vinatosha. Na ndege ikipata pigo kubwa la kutua au kupinduka, badilisha mikanda pamoja na bolti zake, kisha ukague yale makutano ya mabomba uliyoyachomelea, kwa taa na kioo cha kukuza, kabla hujarudisha kitambaa.